Fundi Aliyehamia Kiti cha Nyuma: Kumuaga Mzee Stanislaus Emukule

Tarehe 30 Novemba 1979, saa ya kufunga kazi, Mzee Stanislaus Emukule atarudisha ovaroli yake stoo na kustaafu rasmi kazi ya ufundi katika Kampuni ya Usafirishaji ya Mto Malaba hapa Busia, baada ya miaka ishirini na sita. Nasema atarudisha ovaroli kwa matumaini tu. Mimi ndiye mtunza stoo, na kwa muda wote niliofanya kazi naye, vitu vilivyotoka mikononi mwangu kwenda kwake havikuwa na desturi ya kurudi.

Mzee Jamiru, mwenye kampuni, aliniomba ukurasa mmoja wa kutia katika programu ya sherehe. Nilimjibu kwamba ukurasa mmoja unamtosha mtu aliyeajiriwa jana. Alinyamaza, nami nimekuchukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Emukule alizaliwa Angurai, katika familia ya wakulima wenye ng'ombe wachache, akasoma kwa mapadre mpaka akawachoka, au wao wakamchoka. Inategemea unamuuliza nani. Mwaka 1953 alipanda nyuma ya lori la Mzee Jamiru akiwa utingo. Kazi yake ilikuwa kupakia pamba, kushusha chumvi na kusukuma lori penye tope. Siku moja lori liliharibika ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, njia ya Tororo, dereva akaenda kutafuta fundi. Aliporudi naye alikuta injini inanguruma na Emukule ameketi juu ya madigadi anatafuna muhogo wa kuchoma. Tangu siku hiyo akatolewa nyuma ya lori na kupewa spana. Spana hiyo nayo sijaiona.

Sitaandika kwamba ni mnyenyekevu, maana wote mtacheka na programu zitaanguka chini. Emukule hujisifu asubuhi kabla ya chai na hujisifu tena baada ya chai. Akimaliza kufunga giaboksi hupiga bodi ya lori makofi mawili, anavuta kofia yake ya kaki nyuma ya kisogo, kisha anatangaza kwa uwanja mzima kwamba gari hilo sasa litawazika wenyewe. Mara nyingi alisema kweli, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi.

Winchi tunayoinulia injini aliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu, na mpaka leo haijamwangusha mtu. Mafundi wengi wa mji huu wamepita mikononi mwake. Ukisimama katikati ya Busia leo ukaita fundi, wengi watakaogeuka wamewahi kutukanwa na Emukule, na wote watakuambia walifaidika.

Lakini kitu alichotufundisha sisi sote, hata mimi nisiyeshika spana, ni namna yake ya kupima kazi. Fundi hukaa pale anapokaa mwenye malalamiko. Dereva akisema klachi ni nzito, Emukule ataendesha yeye. Utingo akisema bodi inapiga kelele, Emukule atapanda nyuma juu ya magunia, aende mpaka Malaba na kurudi, ashuke akiwa mwekundu kwa vumbi tangu nyusi hadi viatu. Husema, "Gari ni moja, lakini kila mtu anaskia uchungu kwa kiti yake." Mara moja tu nilimwona akiisahau kanuni hiyo, na kazi yenyewe ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu bila hiyo hamtamjua mtu mnayemuaga.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 1977. Mizigo ya kwenda ng'ambo ilikuwa imepungua, malori yakalala uani, na sisi wafanyakazi tukawa tunasalimiana kwa uangalifu kama watu waliofiwa. Mzee Jamiru akaamua gereji ipokee magari ya nje ili mafundi wapate kazi ya kufanya. Gari la kwanza kuingia lilikuwa Humber jeusi la Mbarak.

Mbarak ana duka la vitambaa Malaba, karibu na stesheni ya reli. Humber lake lilikuwa la zamani hata wakati huo, toleo la miaka ya hamsini, lenye boneti ndefu na kiti cha nyuma kipana ambacho mtu mzima anaweza kujinyoosha nusu juu yake. Wenzake walikuwa wamemshauri alibadilishe kwa gari jipya dogo. Hakutaka, na sababu yake ilikuwa kiti hicho cha nyuma.

Mkewe, Mama Zulaika, anaugua pumu. Alikuwa na daktari wake Kisumu ambaye alitaka kumwona mara kwa mara ili ampimie dawa upya. Tabu ilikuwa kufika huko. Kipande cha kutoka Malaba kuja Busia kilikuwa murram tupu, udongo mwekundu bila lami, na mwezi wa Januari kila lori linalopita huacha ukuta wa vumbi nyuma yake. Wakifungua madirisha, vumbi linamkaba. Wakiyafunga, lile gari jeusi linakuwa tanuri, na joto nalo linamkaba. Safari ya mwisho alishikwa vibaya walipofika Adungosi, wakarudi nyumbani hawajafika hata Busia. Baada ya hapo alikataa kabisa kutoka. Alimwambia mumewe, "Niache nikufe kwa kitanda yangu. Hiyo barabara mimi nimeachana nayo."

Dawa zilikuwa zinakwisha nguvu na daktari hakuweza kubadilisha kitu bila kumwona. Mbarak akasikia kutoka kwa ndugu zake wa Mombasa kwamba kuna viyoyozi vinavyoweza kufungwa katika gari ambalo halikuzaliwa navyo. Akanunua kimoja, kikaja kwa treni mpaka Malaba ndani ya sanduku la mbao. Kisha akambembeleza mkewe mpaka akakubali kujaribu mara moja tu. Akishindwa safari hiyo, mtu yeyote asimsumbue tena. Mbarak alitueleza haya akiwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya paa, na hakuna aliyepiga makofi wala kucheka. Tulijua kwamba tunachotakiwa kukifunga si starehe ya tajiri.

Emukule hakuwa amewahi kufunga kiyoyozi. Wala mtu mwingine yeyote Busia. Alilifungua lile sanduku, akavitandaza vipande juu ya turubali, akavizunguka huku mikono imefungwa nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. Palikuwa na kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini, rejeta ndogo ya gesi ya kukaa mbele ya rejeta ya maji, mipira ya kupitishia gesi, na kisanduku chenye feni cha kufungwa chini ya dashibodi, ambacho ndicho hupuliza baridi. Aliangalia vitu hivyo, akaliangalia gari, akasema, "Hii ni friji tu. Iko na haraka kidogo." Halafu akatuma salamu kwa Odeke, fundi wa friji wa Malaba, anayetunza mashine za baridi za mabucha na baa.

Wawili hao waligombana tangu siku ya kwanza, na nadhani walifurahi sana. Odeke alijua gesi lakini hakujua magari. Emukule alijua magari na aliamini anajua gesi. Humber halikuwa na mahali pa kuweka kompresa, basi Emukule akakata bamba nene la chasisi ya lori lililokufa, akalichomelea na kulichonga mpaka kompresa ikakaa sawasawa na mkanda. Mkanda ukipinda hata kidogo, unalia na kukatika. Dainamo la zamani lilishindwa kuzungusha feni mpya, akatia altaneta ya gari lingine, na kwa kuwa waya za betri za Humber zilikuwa zimeunganishwa kinyume na za siku hizi, ikabidi azigeuze zote. Injini ikaanza kuchemka kwa sababu rejeta ya gesi imeiziba ile ya maji. Akaunda kifuniko cha bati cha kuielekeza hewa na kubadilisha feni. Kila asubuhi alikuja dirishani kwangu na ombi jipya, na kila jioni nikawa na pengo jipya katika rafu zangu.

Odeke alinyonya hewa yote kutoka katika mipira kwa pampu yake, akajaza gesi, kisha wakapaka povu la sabuni kila kiungo kuona kama kuna kinachovuja. Palipotoka mapovu wakafungua na kukaza upya. Siku kompresa ilipoanza kushika na kile kisanduku kupumua baridi, uwanja mzima uliacha kazi. Tulipanga foleni kuingiza mikono dirishani. Mzee Jamiru mwenyewe alikaa kiti cha mbele, akafunga macho, akasema maneno ya kumshukuru Mungu. Mbarak aliitwa, akaendeshwa mpaka Alupe na kurudi, akiwa mbele kando ya Emukule. Aliporudi alikuwa anasugua magoti. "Hii gari iko na baridi mpaka magoti inauma," alisema, na Emukule akalipiga bodi makofi mawili na kuvuta kofia nyuma.

Siku Mbarak alipokuja kulichukua gari, nilitoka stoo na kifurushi. Humber lilikuwa na pazia zito la kijani lililotenganisha kiti cha mbele na cha nyuma, kama yalivyokuwa magari ya familia nyingi za Kiislamu zamani. Lilipoingia gereji nililitoa, nikalikunja na kulifunga kwa magazeti lisipate grisi, maana ndivyo ninavyofanya kwa kila kitambaa kinachoingia na gari. Mbarak alilipokea, akaanza kulitundika kwenye vishikizo vyake huku anazungumza na Mzee Jamiru. Alivuta upande mmoja, akavuta upande wa pili, pazia likafunga.

Emukule alikuwa anajisifu. Akakatiza katikati ya sentensi.

Alivua kofia. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akajinyoosha kwenye kile kiti na viatu vyake vimetokeza nje, halafu akaviingiza na kufunga mlango. Kutoka ndani tulisikia anamwambia Mbarak aendeshe mpaka Alupe, madirisha yote juu, kiyoyozi mpaka mwisho. Wakaenda. Waliporudi Mbarak alishuka akiwa mkavu na ameridhika. Mlango wa nyuma ulipofunguka, Emukule alitoka ovaroli imeshikamana na mgongo kwa jasho, uso umevimba kwa joto, anahema.

Wengine wangesema kidogo kidogo, au wangemwita Mbarak pembeni. Emukule alisema palepale mbele ya watu wote aliojisifu kwao: "Nimekosea. Nimetengenezea dereva. Mgonjwa anakaa huku, na huku ni moto. Baridi inafika kwa pazia, inarudi." Sijawahi kumwona na uso ule. Nilimhurumia, na pia nilifurahi kidogo, sitaficha.

Mbarak hakuona shida. Pazia litolewe, basi. Mkewe ni mtu mzima sasa, alisema; pazia lilitundikwa walipooana, likatolewa miaka mingi iliyopita, na ni juzijuzi tu, alipokubali kujaribu tena baada ya ile safari ya Adungosi, ndipo mkewe aliomba lirudishwe. Alidhani ni mambo ya heshima ya uzeeni. Emukule akauliza kama pazia ni la Mbarak au la mama. Mbarak akasema ni la mama. "Basi tuulize mwenye pazia," Emukule akasema. "Kwa hii kazi yote hatujamuuliza kitu."

Nilitumwa mimi, kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa Emukule aliona mwanamume akienda kuuliza habari za pazia hatajibiwa kweli. Nilimkuta Mama Zulaika chumbani, amekalishwa na mito mgongoni, madirisha yamefunikwa kanga zilizoloweshwa maji. Nilimweleza mambo ya baridi na pazia. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji, akapumzika.

"Perez," aliniambia, "wewe unadhani mimi naficha uso kwa watu wa Malaba? Si wananijua tangu niolewe. Hiyo pazia ni ya kumfunika Mbarak." Nilimwambia sikuelewa. Akasema, "Nikishikwa, ananiangalia kwa kioo. Akiangalia kioo, haangalii barabara. Ile siku ya Adungosi tuliingia kwa mtaro. Hakuwaambia? Aliona vile nilikuwa, akasahau usukani. Mimi ugonjwa wangu utaniua siku yake, sawa. Lakini sitamuua yeye. Wacha pazia ikae."

Niliporudi Busia nilimwambia Emukule kwamba pazia linabaki. Sikumpa sababu, maana sababu haikuwa yangu kuitoa. Mtu yule ambaye hubishana mpaka na saa ya ukutani hakuniuliza kwa nini. Alichukua spana, akaingia ndani ya Humber, akaanza kukifungua kile kisanduku chini ya dashibodi.

Aliamua kukihamishia ndani ya buti. Baridi itapanda kutoka nyuma, ipenye kwenye tundu mbili atakazokata katika ubao ulio chini ya kioo cha nyuma, imwangukie mgonjwa kutoka juu bila kupita mbele kabisa. Kwa maneno ni rahisi. Kwa kazi, ilikuwa na maana kwamba mipira ya gesi ipite chini ya gari zima, mbali na bomba la moshi, na kila kiungo kipya kilikuwa mahali pengine pa kuvuja. Odeke alisema haiwezekani. Kisha akaleta mipira mirefu zaidi ili aone jinsi isivyowezekana. Walijaza gesi, ikatoka. Wakakaza, wakajaza, ikatoka tena. Mzee Jamiru alikuja kusimama nyuma yao akiwa ameshika kiuno. Mbarak alikuja kila alasiri, akaweka mkono juu ya paa na kuondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele, kwa sababu tulijua dawa zimebaki ngapi nyumbani kwake.

Safari hii Emukule hakutaka kulipima gari kutoka kiti cha mbele hata dakika moja. Alihamia nyuma. Alikula chakula cha mchana pale. Aliendeshwa Malaba na kurudi pazia likiwa limefungwa, na mara ya kwanza alipotoka alituonyesha mikono: haikuwa na jasho, lakini ilikuwa na vumbi. Mipira ya milango ilikuwa imekauka na sakafu ilikuwa na tundu za zamani, kwa hiyo gari lilikuwa linavuta vumbi ndani hata madirisha yakiwa juu. Baridi bila kuzuia vumbi isingemsaidia mgonjwa wa pumu. Alitoa mazulia yote, akaziba kila tundu, akavisha milango mipira mipya aliyoikata kutoka tyubu za malori. Tyubu hizo nilikuwa nimezitunza vizuri sana.

Kuna jambo la kuchekesha lilitokea katika safari hizo za kupima. Kiyoyozi kikifanya kazi hudondosha maji, na Emukule alikuwa ameweka kibomba chini ya buti cha kuyatoa. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliona gari kubwa jeusi, madirisha yote juu wakati wa jua la saa nane, pazia limefungwa, na kitu kinadondoka nyuma. Kwa miaka ile ya magendo hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikinga kiganja, akanusa, akaonja, akauliza pombe iko wapi. Pazia likafunguka na kichwa cha Emukule kikatokeza kimefungwa shuka, anatetemeka kwa baridi, akamjibu, "Boss, ni maji. Ingia uone." Askari aliingia. Alikaa humo muda mrefu kuliko upekuzi wowote unavyohitaji.

Hatimaye gesi ikakaa. Emukule alimwambia Mbarak alichukue gari na kwamba aende moja kwa moja, asubuhi kabla jua halijakolea. Hakulipiga bodi kofi. Walikubaliana kwamba Mbarak atapita hapa gereji akiwa njiani kwenda Kisumu, ili Emukule akague mkanda na viungo.

Asubuhi hiyo Emukule alisimama langoni tangu tulipofungua. Muda waliopaswa kufika ulipita. Lori lililotoka Malaba liliingia, dereva akasema ameona Humber limesimama kando ya barabara Adungosi, madirisha yamefungwa, hakuna mtu nje. Alifikiri wanapumzika tu. Emukule alivua kofia na kuanza kuizungusha mikononi, na mimi nilitoka stoo nikasimama karibu naye kwa sababu sikuweza kukaa ndani. Mzee Jamiru alisema anakwenda kuchukua funguo za pikapu twende tukawatafute. Kabla hajazipata, Humber likaingia langoni polepole.

Pazia lilikuwa limefunguliwa. Mama Zulaika alikuwa amekaa nyuma wima, mtandio juu ya mabega, anatutazama sisi kama mtu aliyefika harusini mapema. Mbarak alishuka na macho mekundu, akaegemea mlango.

Alituambia hivi. Siku zote, akiendesha, alisikia kifua cha mkewe kule nyuma, na kwa sauti hiyo alijua hali yake. Walipofika Adungosi aligundua kwamba hasikii kitu. Feni tu. Alimwita, hakuitika. Akasimamisha gari. Akashika ukingo wa pazia, na mkono ukakataa kulivuta. Akakaa hivyo, hajui ni muda gani. Kisha pazia likavutwa kutoka upande wa pili na mkewe akauliza, "Umesimama nini? Gari imeharibika?" Alikuwa amelala. Miaka mingi hakuwa amelala ndani ya gari. Akamwambia waende, na pazia akaliacha wazi, kwa sababu, alisema, leo unaweza kuniangalia. Ndipo akamweleza kwa nini alilitaka lirudi.

"Nimewachelewesha kwa sababu mimi ndiye nilikosa pumzi," Mbarak akasema. "Yeye alikuwa ananingoja."

Alimgeukia Emukule amshike mkono, lakini Emukule hakuwapo. Alikuwa ameshaingia chini ya gari kukagua viungo. Tuliona viatu vyake tu. Alikaa huko muda mrefu sana, na hakuna aliyemharakisha. Odeke, aliyekuwa amekuja na mtungi wake wa gesi, aliinama kumchungulia, akainuka na kutuambia kwa sauti ya chini kwamba tumwache, bado anatafuta inapovuja. Kiungo hata kimoja hakikuwa kinavuja.

Mama Zulaika alifika Kisumu siku hiyo. Daktari akambadilishia dawa. Amekwenda tena na tena tangu wakati huo, na leo ameketi hapa pamoja nasi katika safu ya mbele. Ndiye aliyeniruhusu kuandika habari za pazia, na aliisoma karatasi hii kabla yenu, akafuta mahali nilipomwita mzee.

Mzee Emukule, kwa niaba ya Mzee Jamiru, madereva, mafundi, utingo na wote waliowahi kutafuta spana zao kwako, asante. Mkeo Benedetta anakusubiri Angurai na shamba la karanga ambalo kwa miaka yote hii umelisimamia kwa mdomo tu, tunamtakia uvumilivu. Wewe tunakutakia afya, usingizi mzuri, ng'ombe watakaokubali kuelekezwa na watoto wengi wa watoto wako. Sasa simama uje mbele tukupe mkono. Hapa ukumbini hakuna gari la kuingia chini yake, na hata ukilia, sisi tutakutazama tu.

Perez, stoo